Uliyoyasema Chini ya Meza

Nuru ya kwetu haina haraka. Siku za baridi huchungulia kwanza nyuma ya kilima, huiona ghuba imejaa barafu, hujirudi. Huja tena baadaye, hugusa paa la kanisa, hugusa mabanda ya samaki, husita. Jikoni haiingii mpaka watu wamekwisha kunywa chai ya pili na kwenda zao. Ndipo hupita dirishani, hushuka sakafuni, hutambaa hadi chini ya meza, ulipo wewe.

Siku hiyo ulikuwa umelala kifudifudi, mguu mmoja nje ya kitambaa cha meza, unaitazama ikija. Ukaiwekea kiganja. Ukasema, "Imefika."

Nilikusikia, Della. Nilikuwa na kisu mkononi na viazi kwenye beseni, na nilikusikia. Sikugeuka, sikupiga makofi, sikumwita mtu. Niliogopa hata kupumua, nikaendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikabaki kidogo kama jicho la samaki.

Huo ndio mwanzo wa furaha yangu na ndio mwanzo wa taabu yangu, maana tangu siku ile nimekuwa shahidi asiye na mwenzake.

Ulisema kijiko. Ulisema paka. Ulisema "Mama kaa," nami nikakaa sakafuni na unga mikononi. Ulisema "theluji naanguka, naanguka, naanguka," ukiifuata kwa kidole kwenye kioo, na sauti yako ilikuwa ya chini, ya kuweka neno mahali pake polepole, kama mtu anayeweka yai mezani. Kisha mlango ukafunguliwa, nawe ukanyamaza.

Na mlango wetu hufunguliwa sana. Kwetu habishi hodi mtu; anayebisha ni polisi au mhubiri mgeni. Watu huingia na buti zao, hukaa kwenye kochi la jikoni kando ya jiko la kuni, hutaka chai, na kabla maji hayajachemka wamekwisha kusimulia ugonjwa wa mmoja na ndoa ya mwingine. Sisi wa kisiwa cha Newfoundland tuligawiwa mawe, ukungu na ulimi. Mawe hayaliki, ukungu haukamatiki, basi tumeishi kwa ulimi. Mtoto akizaliwa husubiriwa aingie katika mazungumzo kama anavyosubiriwa kuota meno.

Nawe ukasubiriwa. Ukasubiriwa mwaka, ukasubiriwa mwaka wa pili, nawe ukatazama.

Sasa huyo Kegan. Ni mtoto wa wifi yangu Rhonda, mlizaliwa majira mamoja, na Mungu anisamehe, kuna siku nilitamani apate mafua ya koo. Huingia akikimbia. Husema kabla hajavua kofia. Nusu ya asemayo haieleweki na nusu iliyobaki ni amri, lakini kila mtu humjibu. Akisema gari, huulizwa gari gani, la nani, la rangi gani, linakwenda wapi. Akisema uongo, huchekwa na kuongezwa maneno. Debe tupu haliachi kuvuma, nilinong'ona mara moja, na haikuwa kweli. Debe lile lilikuwa likijazwa kila siku na jikoni nzima.

Kwako walikuja pia, mwanzoni. Waliinama, wakauliza una miaka mingapi, mwanasesere anaitwa nani, je, ulimi umeliwa na paka. Wakangoja kidogo. Ukawatazama kwa macho yako ya kijivu, vidole kwenye mkunjo wa sketi yangu. Wakangoja tena kidogo, kwa adabu, kisha wakainua vichwa wakaendelea na habari zao juu ya utosi wako. Sikuwalaumu siku ile. Niliwalaumu siku za baadaye, nilipoona hawainami tena kabisa.

Bibi yako Effie, mama mkwe wangu, mwanamke mwenye moyo mpana na maoni mengi, alinituhumu mimi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema. Alisema nakukimbilia kabla hujahitaji. Alisema ukitazama kikombe nakupa kikombe, sasa neno ulitakie nini. Alisema haya huku akikupitishia biskuti bila wewe kuomba, na sikuwa na nguvu ya kumwonyesha.

Nilikusikia, nilimwambia. Asubuhi, wakiondoka, anasema.

"Sawa, mwanangu," alinijibu. "Na paka naye anasema nini?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Nililia baadaye, chumba cha kufulia, nikiwa nimeshika soksi zako.

*

Baba yako, Selby, ni mume wangu na ni mgeni wangu. Anafanya kazi Alberta, kwenye mafuta, upande wa pili wa nchi. Nusu ya wanaume wa ghuba yetu wako huko tangu samaki walipoadimika. Hupanda ndege, hukaa huko majuma na majuma, hurudi na begi lake na ngozi iliyopasuka kwa baridi, hulala, hula, hutengeneza kilichovunjika, na mara begi liko mlangoni tena.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wewe, Della, siku yako ya tatu ni ndefu kuliko ya watu wote. Akifika, unamtazama ukiwa nyuma ya mguu wangu. Kisha unamtazama ukiwa mlangoni. Kisha unakaa kwenye kochi, yeye mwisho huu na wewe mwisho ule, na paka katikati. Kisha siku moja unamwekea mwanasesere gotini, unakimbia. Na siku inayofuata, ninapokuona umeinua kidevu, umekusanya pumzi, umefungua mdomo kidogo ili umpe neno lako la kwanza, ni siku anayoondoka.

Akirudi mnaanza upya. Nyuma ya mguu, mlangoni, mwisho wa kochi.

Alikuwa hajawahi kukusikia. Hata neno moja. Mtu aliyekukata kitovu kwa mkono wake, aliyekuimbia ukiwa tumboni, hakuijua sauti yako ilivyo.

Naye alikuwa na haraka ya haki. Alipiga magoti mbele yako, uso wake mpana karibu na uso wako, harufu ya chai na tumbaku na mapenzi. "Sema Baba," alikwambia. "Sema tu Baba, kipenzi. Mara moja." Uso wa baba yako ni mzuri, mimi niliolewa na uso ule. Lakini kwako ulikuwa mkubwa, ulikuwa karibu, ulikuwa na njaa. Nawe ukajifunga kama kome. Na akiwa Alberta ilikuwa vivyo hivyo: jioni simu ikilia, uso ukajaa kwenye kioo kutoka kona hadi kona, ukauliza, ukaomba, ukatabasamu mpaka tabasamu likachoka, nawe ukashuka kochini ukaenda zako chini ya meza.

Nilimwambia anasema, Selby. Akaniuliza amesema nini. Nikamhesabia: imefika, kijiko, theluji naanguka. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayesimulia ndoto. Nikajaribu kukunasa kwa simu. Niliiweka sakafuni, nikaifunika kwa taulo la vyombo, na wewe ukalifunua taulo, ukaitazama simu, ukanyamaza siku nzima. Ulijua. Wewe huwa unajua.

"Sikuiti mwongo," aliniambia usiku ule, na alisema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko ukali. "Nadhani unamsikia kwa sababu unataka sana kumsikia."

Nikaanza kujishuku, mwanangu. Nakwambia ukweli. Kuna asubuhi nilisimama kwenye beseni nikajiuliza kama ni wewe au ni bomba la jiko, au ni upepo, au ni mimi mwenyewe ninayejibu maswali yangu kwa sauti nyembamba.

*

Akataka upimwe. Akaomba ruhusa, akapata miadi mjini, tukaenda, wewe kwenye kiti chako cha nyuma, barabara nyeupe, nchi tupu isiyo na mti, swala wakubwa wa theluji wakivuka kwa dharau. Kulikuwa na chumba chenye taa kali na viti vidogo. Kulikuwa na mtaalamu wa usemi, Bi. Maher, mwanamke mwembamba mwenye mkono mmoja ndani ya mwanasesere wa bata. Hukukubali kuvua koti.

Hakuwa mjinga, yule. Nilifika nikiwa tayari kumchukia, nikashindwa. Alitandaza picha akauliza mbwa yuko wapi. Kidole chako hakikutoka mfukoni, lakini macho yako yalikwenda kwa mbwa, na akayaona. Akauliza kikombe, macho yakaenda kwa kikombe. Akauliza kitu gani hulala usiku na kuamka asubuhi, na ukanitazama mimi, naye akacheka.

Selby hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu, kofia mikononi. Akauliza moja kwa moja: anasema au hasemi?

"Anaelewa mengi," Bi. Maher alijibu. "Kuhusu kusema, siwezi kuapia nisichokisikia. Hapa mbele yangu, bwana, sipimi ulimi wake. Napima woga wake."

Akatueleza zaidi, nami nilikunywa kila neno. Kwamba watoto huzaliwa na tabia zao kama wanavyozaliwa na nywele zao. Mmoja huingia majini kwa kuruka, mwingine hukaa ukingoni akitazama mpaka aujue mkondo. Kwamba yule wa kuruka huvuta maneno ya watu kwake, anasema ovyo, anajibiwa, anasema tena, na ulimi wake unakua kwa kuzoezwa. Kwamba wa ukingoni si mtupu, anaweka akiba. Lakini hatari ipo, alisema, na hapo akamweka bata chini. Watu humchoka. Huacha kumsemesha. Basi anasikia machache, anajaribu machache, na kimya kinazaa kimya. Kaeni kando yake, alisema, si mbele yake. Semeni naye bila kumuuliza. Msimwombe neno.

Mimi nilisikia hayo yote. Selby alisikia tu "siwezi kuapia."

Njiani aliendesha mpaka tukafika kwenye daraja. Kisha akasema mwakani tuhamie Alberta, kwenye mji mkubwa, kuna wataalamu wa kila siku. Nikamuuliza dawa ya mtoto anayeogopa wageni ni kumpeleka kwenye wageni zaidi? Nilisema kwa ukali, na wewe nyuma ukaacha kucheza na kamba ya koti lako. Nikashusha sauti. Nikamwambia kwa mara ya mwisho, Selby, anasema, haki ya Mungu anasema, kwangu.

Akaegesha gari pembeni. Upepo ulikuwa ukisukuma theluji nyembamba juu ya lami.

"Hebu fikiri unayoniambia, Glenda," akasema. "Unaniambia anaweza, ila kwangu hataki. Mimi naona afadhali awe bubu."

Nilielewa kwa nini miezi yote ile hakutaka kuniamini, na nilimhurumia. Tulikaa hapo, wipa zikienda na kurudi, na kati yetu hakuna aliyegeuka kukutazama.

*

Krismasi alipata mapumziko. Ukamrudia mwanzo: nyuma ya mguu, mlangoni. Alijitahidi, maskini. Alileta farasi wa mbao, akapiga magoti, akasema sema farasi.

Na Krismasi kwetu, kabla sikukuu hazijaisha, huja wavaa mapazia. Hao peke yao, kati ya majirani wote, ndio wanaobisha hodi. Mwanamume huvaa gauni, mwanamke huvaa suruali ya mvua, mito tumboni na mgongoni, soksi mikononi, kipande cha pazia la dirisha usoni. Husema kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti isitambulike. Hucheza jikoni mwako, na wewe mwenye nyumba huna budi kukisia ni nani. Ukilitaja jina lake, hufunua uso. Usipolitaja, hutoka alivyoingia. Ni mchezo wetu wa zamani na nimeupenda tangu utoto.

Mwaka ule sikuutaka. Nilimwomba Effie tuzime taa ya nje, kwa ajili yako. Akaniambia nyumba isiyopokea ni nyumba yenye msiba, na tena, huenda hofu kidogo ikamtoa mtoto sauti. Nilikasirika sana. Nikamtafuta Selby aniunge mkono, nikaambiwa ameenda kwa jirani kusaidia kupasua kuni.

Walibisha mara tu tulipoondoa sahani. Wakaingia na baridi yao na kodiani yao, watu wanne wasio na nyuso, na wewe ukapanda mwili wangu kama mti ukaficha uso shingoni kwangu. Moyo wako ulinigonga mfupa. Nikaanza kuelekea chumbani. Buti zikapiga sakafu, Kegan akapiga kelele na kucheza katikati yao, Rhonda akamshika mmoja kiunoni akamfinya mto, na kila mtu alikuwa akicheka.

Mlangoni mwa chumba nikahisi kichwa chako kinageuka. Nikasimama.

Ulikuwa unatazama. Ulitazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Nikatazama nawe, na polepole nikaona unachokiona: watu wasioweza kukukodolea. Hakuna hata mmoja aliyekuinamia. Hakuna aliyesema sema. Zamu hii wao ndio waliokuwa wakiulizwa majina na wao ndio waliokaa kimya, na jikoni nzima ilikuwa ikihangaika kuwabembeleza watoe sauti. Mwili wako ukalegea kidogo mikononi mwangu.

Watatu walitambuliwa. Mapazia yakainuliwa, nyuso nyekundu zikatoka, sharubati ikamiminwa. Akabaki mmoja mrefu, gauni la maua makubwa, tumbo la mto lililoteremka hadi mapajani. Alisimama kando ya jiko. Effie akamzunguka kama anayenunua ng'ombe. Akasema ni Cyril wa ng'ambo, tazameni mabega. Likatikiswa pazia: siye. Rhonda akasema ni mwalimu. Siye. Wakataja wanaume wa ghuba nzima, walio hai na mmoja aliyekufa, na pazia likakataa wote.

Nawe ukaniwekea mdomo sikioni. Pumzi yako ilikuwa na joto la keki.

"Baba," ulisema. Na baada ya kufikiri: "Baba ana tumbo."

Ee mwanangu. Mama aliyemzaa alikuwa amemzunguka mara tatu asimjue. Dada aliyelala naye kitanda kimoja utotoni hakumjua. Mimi mkewe sikumjua. Ulimjua wewe, ambaye yeye alidhani humtaki. Sasa niliyaona uliyokuwa ukiyaona: anavyosimama uzito wote mguu wa kushoto, anavyoota moto kwa migongo ya mikono kabla ya viganja. Nyakati zile zote nyuma ya mguu wangu, mlangoni, mwisho wa kochi, ulikuwa ukimsoma, na ulikuwa umemmaliza.

Neno likanijaa kinywani. Desturi inataka litajwe kwa sauti. Ningelitaja, ningekuwa nimeshinda. Miezi ya kuitwa mwongo kwa upole ingekwisha pale pale, mbele ya Effie, mbele ya Rhonda, mbele yake. Nami nilitaka kushinda, usidhani sikutaka. Lakini nilijua kitakachofuata. Jikoni nzima ingekugeukia. Sema tena. Sema asikie Bibi. Sema Baba, sema, sema.

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema wahenga. Lako lingeharibika.

Nikalimeza. Nikajifanya nakwenda kuongeza kuni. Nikasimama karibu na jiko, mgongo wangu kwake, wewe begani mwangu, kidevu chako kikielekea pazia. Niliwatazama waliokuwa wakikata keki kana kwamba keki ndiyo inayonihusu. Nilikuwa naomba, kwa maneno mabovu, nisiyoyakumbuka.

Kodiani ikaanza wimbo mwingine. Kisha sauti yako, ile ya asubuhi, ya chini, ya kuweka mahali pake:

"Moto, Baba. Nguo."

Nikageuza jicho. Pindo la gauni la maua lilikuwa limegusa mlango wa jiko. Soksi kubwa ikashuka, ikalivuta pindo taratibu. Pazia la uso likaingia ndani, likatoka, likaingia, likabaki ndani.

Alikuwa ametajwa. Kwa desturi yetu alipaswa kufunua uso, na nilijua mikono yake inavyowaka kwa kutaka kufunua, akushike, akubusu, akuombe urudie. Mtu aliyelingoja neno lile tangu ulipozaliwa. Nikamwomba kwa mgongo wangu. Usifunue, Selby. Kwa mapenzi ya Mungu usifunue.

Hakufunua. Alisimama kwenye joto na mikono miwili ya soksi ikining'inia, nawe ukamtazama, ukaridhika, ukalaza shavu begani mwangu.

"Haya, umetushinda," Effie akamwambia. "Nenda zako, bibi mja mzito, uangalie barafu ngazini."

Akatoka alivyoingia. Dirishani nikamwona karibu na lundo la kuni, ameinama, mikono magotini, na mto umemdondokea kwenye theluji.

Aliporudi alikuwa na suruali yake na mzigo wa kuni kifuani. Wengine walikuwa wakivaa makoti. Hakukujia. Aliketi sakafuni akiielekezea mgongo meza, ulipokuwa umeshaingia chini yake, akaanza kuvua buti, na kamba ya buti ile sijaona mtu aliyeifungua polepole kiasi kile. Nikachuchumaa kumpa taulo.

"Kumbe alikuwa ananijua," alisema kwa sauti ya chini.

Nilikuwa na haki ya kusema nilikwambia, na nikaisema. Kisha nikamfuta uso, maana theluji haikuwa imemlowesha vile.

*

Siku zilizobaki alijifunza, na haikuwa rahisi kwake. Alikaa kando yako kuitazama ghuba. Alisema na mkate alipoukata, alisema na kuni alipozipanga, huyu mkubwa alale chini, huyu mwembamba alale juu, na hakukuomba jibu. Mara mbili nilimwona akigeuka kwako na swali limemjaa mashavuni, akaligeuza kuwa kikohozi. Ukasogea. Ukatoka mwisho wa kochi ukafika katikati, paka akahama. Ukamwegemea mkono wakati anaonyesha ndege. Lakini hukusema.

Na siku ziliisha, kwa sababu zamu ya Alberta haijui haya ya mtoto. Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni na gari linaunguruma. Alivaa buti mbele yako bila haraka. Hakuomba busu. Hakuomba neno. Akakugusa utosi kwa kidole kimoja, akatoka.

Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nilijua mtaanza upya. Nilijua Effie ataingia baada ya chai na kuuliza bubu wangu ameamkaje, kwa mapenzi, na Kegan atakula maneno ya watu wote tena. Nilijua neno moja kando ya jiko haliwezi kumlisha mtu majuma yote yale ya baridi.

Jioni simu ikalia. Alikuwa uwanja wa ndege wa katikati ya safari, akingoja ndege ya pili. Nilijiandaa kuuona ule uso ukijaa kioo. Haukuwepo. Alikuwa ameigeuzia simu dirisha. Palikuwa na kiwanja kipana cha theluji, giza linashuka juu yake, na mbali, trekta la kusukumia theluji likienda na kurudi na taa ya manjano ikizunguka kichwani pake. Hakusema hujambo. Nilisikia tu pumzi zake na watu wakipita nyuma yake na mabegi ya magurudumu.

Nikaelewa. Nikaiweka simu chini ya meza, imeegemea mguu wa kiti, nikaenda kwenye beseni.

Mwanga wa manjano ulikuwa ukipita sakafuni kwetu, mdogo, ukienda na kurudi. Nawe ukatoka pembeni. Ukaketi mbele yake. Trekta likafika mwisho wa kiwanja, likageuka, likarudi, likageuka tena, naye hakusema, na mimi sikusema. Maji yalipoa mikononi mwangu.

"Taa," ulisema. "Taa nazunguka, Baba."

Hakukujibu. Nilimsikia mwanamume mzima, kati ya watu, akijaribu kulia bila sauti, na nikamsikia akiweza.

Ukavuta simu karibu. Ukamwambia trekta limekwenda. Ukamwambia limekuja. Ukamwambia theluji nyingi, na paka amelala, na Mama anaosha. Ulisema kwa sauti yako ile ya chini, moja baada ya jingine, ukimwekea. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika kikombe kilichokwisha takata zamani, nikaendelea kukiosha.